Supu Isiyoganda

Maseno, 15 Januari 2024

Waya Perez,

Shangazi yangu, natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na goti lako limepunguza kelele. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, na tafadhali usianze. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unapiga kelele kama tuko ng'ambo mbili za ziwa, halafu unakata kabla sijamaliza. Barua huwezi kuikata.

Byron wa gari la samaki amekuletea kasha la barafu. Ndani yake mna ndoo nyeupe yenye bomba, na ndani ya ndoo mna punje laini mfano wa dengu zilizolowa. Nimezitengeneza kwa maganda ya ochong'a, wale uduvi wadogo wa kwenu. Kwenye punje hizo nimeshikiza vimeng'enya nilivyovitoa kwenye matumbo ya mbuta niliyopewa Obunga, pale Kisumu, kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aliyetolewa minofu. Kimeng'enya ndicho kile kitu tumboni mwa samaki kinachovunjavunja chakula chake. Kikiachwa huru ndani ya supu kinafanya kazi haraka, ila ukimwaga supu umekimwaga nacho. Kikishikizwa kwenye punje kinabaki, unatia supu nyingine, kinaendelea. Hasara ni kwamba kinapungua nguvu. Hapa maabara, kilichoshikizwa kinafanya kazi sehemu nne tu za kumi za kile kilicho huru. Vingine vimeshikwa vibaya, kama mtu aliyekalishwa kazini akiutazama ukuta, na vingine viko ndani mno, supu haivifikii.

Ninachotaka kujua ni kama vitadumu nje ya maabara, mikononi mwa watu. Digrii yangu yote imekalia ndoo hiyo, Waya.

Chemsha vichwa na mifupa, chuja, iache supu ipoe hadi joto la maji ya kuogeshea mtoto, imimine kwenye ndoo. Kila baada ya dakika tano chota kijiko kimoja, weka kwenye kisahani juu ya barafu. Supu ya mbuta ikipoa huganda, unajua. Ikikataa kuganda, kazi imekwisha, andika ni dakika ngapi. Osha punje kwa maji safi, uzitumie tena siku nyingine. Nataka tufike mara ishirini. Kila mara nitumie chupa moja ya supu hiyo kwa mkono wa Byron.

Ile chupa ya kahawia ni vimeng'enya huru, vya kulinganisha mara ya kwanza tu. Matone kumi. Baada ya hapo usiiguse.

Wako uliyemlea tangu darasa la pili,
Akello


Usenge, 29 Januari 2024

Akello nyathina,

Mwanangu, salamu zako nimezipata pamoja na ndoo. Mimi barua nilifundishwa kwa Kiswahili, tena kwa fimbo, kwa hiyo nitaandika kwa Kiswahili hata kama mdomo wangu ni wa Dholuo. Goti liko. Kuku wa jirani yangu Apiyo wamezidi, siku hizi wanaingia jikoni bila hodi. Kwaya yetu imepata sare mpya, mimi imenibana.

Sasa kazi yako. Kwa chupa ya kahawia supu ilikataa kuganda dakika ya arobaini. Kwa ndoo, saa moja na dakika arobaini. Wanawake wa kikundi chetu cha samaki walikaa pale wakitazama mpaka wakachoka. Apiyo akasema, "Perez, hii machine yenu inalala." Nikamwambia, "Hailali, inafikiria. Imesoma Maseno." Tulicheka.

Punje nimeziosha maji matatu, hazina hata harufu. Mtu asije akasema Usenge ni wachafu.

Kula.

Waya wako,
Perez


Maseno, 12 Februari 2024

Waya,

Natumaini ulifika salama Alhamisi ile. Ulikuja bila kusema! Nilifurahi, ila siku yenyewe ilikuwa ya wageni, na Dkt. Wangechi, msimamizi wangu, alitaka kila kitu kwa wakati mmoja. Nilipotoka kukutafuta, askari wa lango akaniambia umeshaondoka. Hukunywa hata chai.

Niliona umefunga kitu kwenye ncha ya leso. Nikadhani ni njugu zangu. Ulikuwa unataka kuniambia nini?

Hapa maji yamekatika tangu Jumapili. Chupa zako za mara ya pili na ya tatu bado sijazipata, na Dkt. Wangechi ameuliza mara mbili.

Akello


Usenge, 26 Februari 2024

Akello,

Nilifika salama. Chai nilikunywa njiani na Byron.

Haikuwa kitu. Nilikuwa napita tu.

Mara ya pili: saa moja na dakika arobaini. Mara ya tatu: saa moja na dakika arobaini. Mara ya nne: saa moja na dakika arobaini na tano. Chupa tatu ziko ndani ya kasha, zimefunikwa gunia.

Ni mimi,
Mama wa samaki


Maseno, 20 Machi 2024

Waya mpendwa,

Salamu nyingi, na kwa Apiyo pia, na kwa kuku wake. Huku mvua imeanza kunukia, na mafua yamenipata.

Waya, unajua umefanya nini? Chupa zako zote ziko sawa! Hakuna hata moja inayoganda. Dkt. Wangechi si mtu wa kusifu, lakini alishika kile kikaratasi chako cha hesabu akasema, "Hii ni kazi safi sana." Nilitazamia kwamba kila mara punje zingechelewa zaidi kidogo, kwa sababu vimeng'enya hata vikishikizwa huchoka. Zako hazichoki. Nimechaguliwa kuzungumza kwenye semina mjini Kisumu tarehe ishirini na tatu Mei, mbele ya watu wa vyuo vingine.

Endelea vivyo hivyo, usibadilishe chochote.

Akello wako


Usenge, 18 Aprili 2024

Akello,

Tuko wazima kwa neema. Mvua inatupiga. Uvuvi wa omena umefungwa tangu tarehe moja, ufuo umekuwa mkubwa bila wale watu. Goti linajua mvua kabla ya redio.

Mara ya tano mpaka ya kumi na mbili nimeandika kwenye karatasi ya nyuma. Hazijabadilika.

Usinishukuru sana. Nimesikia aibu kusoma barua yako mbele ya wanawake.

Perez


Maseno, 6 Mei 2024

Waya,

Hujambo? Mimi sijambo, mafua yameisha.

Nina swali dogo. Juzi nilipima tena supu yako ya mara ya kumi na moja. Niliichuja, haina punje hata moja ndani, nikaitia kwenye supu mpya. Ile supu mpya nayo ikakataa kuganda. Hiyo haifai kutokea. Vimeng'enya vilivyoshikizwa hukaa kwenye punje. Punje zikitoka, kazi inasimama. Vikionekana ndani ya supu, basi ama punje zinavujisha, ama mtu ametia vilivyo huru.

Labda zinavuja. Najua hutafanya jambo la ajabu. Ila niambie tu, chupa ya kahawia imebaki kiasi gani? Nijibu kabla ya tarehe ishirini na tatu, tafadhali.

Akello


Usenge, 17 Mei 2024

Akello,

Barua yako imefika. Goti ni afadhali. Kuku mmoja wa Apiyo amekufa, lakini si yule mbaya. Byron amebadilisha magurudumu mawili, sasa gari halikwami pale kwa mchanga. Paa la choo nimelitengeneza. Mchungaji anakusalimia na anauliza kama bado unasali.

Kuhusu Kisumu, vaa lile gauni la buluu. Usiongee haraka.

Perez


Maseno, 9 Juni 2024

Waya Perez,

Sijui nianzie wapi, na salamu leo zinanikwama. Natumaini u mzima.

Nilisimama Kisumu tarehe ishirini na tatu nikiwa na gauni la buluu. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba. Ulijibu kila kitu, mpaka paa la choo, isipokuwa kile nilichouliza, na mimi nilijua maana yake pale pale nilipomaliza kuisoma. Hata kabla yake nilijua. Siku nilipoona ile supu mpya inakataa kuganda, nilijua kuna matone ya chupa ya kahawia ndani yake. Nikajiambia punje zinavuja. Niliitafuta sababu kama mtu anayetafuta ufunguo huku ameushika.

Nikaonyesha takwimu zako. Mara kumi na mbili, hazishuki. Mzee mmoja mwenye miwani akauliza, "Kwa nini hazichoki? Zote huchoka." Nikamjibu kwamba ni ubora wa maganda ya ochong'a. Nilisema hivyo bila kupepesa jicho. Wakapiga makofi. Kwenye chakula watu walikuja kunishika mkono, na mimi nilikuwa natamani sakafu ifunguke. Usiku sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nikipita mbele ya ofisi ya Dkt. Wangechi nainamisha kichwa kama mwizi.

Na kuna jingine, ambalo ndilo la kwanza. Alhamisi ile ya Februari ulisimama mlangoni mwa maabara na leso yako na viatu vyako vya plastiki. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu ni nani?" Dkt. Wangechi akanitazama mimi. Nami nikasema, "Huyu ni mama wa samaki." Nilisema hivyo, Waya, kwa Kiingereza kizuri, na wewe ulisikia. Mwanamke aliyenibeba mgongoni siku tuliyomzika baba. Nikaona umegeuka, na sikukukimbilia. Nilikuja langoni baada ya saa nzima, ndipo nikamuuliza askari, ili nipate kusema nilikutafuta.

Uliposaini "Mama wa samaki" nilijifanya sikuona. Naona aibu hata kuyaandika maneno haya.

Sitaki kukulaumu kwa zile takwimu. Nataka tu kujua kilichotokea. Siku nitakapoingia kwa Dkt. Wangechi nataka niingie na ukweli wote, au nisiingie kabisa.

Akello


Usenge, 24 Juni 2024

Akello nyathina,

Nimesoma barua yako nikiwa peke yangu, ndani ya mtumbwi uliovutwa juu, mahali ambapo Apiyo hawezi kunichungulia. Nimeisoma mara mbili. Nimelia kidogo, halafu nimeosha uso.

Sasa sikiliza. Ile siku ya kwanza, tulipomaliza, niliosha punje maji matatu kama nilivyokuambia. Kisha nikazianika. Nilitandaza wavu wangu wa zamani juani, pale pale penye omena, nikazimwaga juu yake, nikazigeuzageuza kwa mkono. Wewe umekua hapa. Kuna kitu gani kinachotoka majini ambacho sisi hatukianiki? Omena tunaanika, mbuta tunaanika, wavu tunaanika, hata viatu. Kitu kibichi kikikaa kinaoza. Kufika jioni zilikuwa zimesinyaa, za kahawia, ngumu, ndogo kuliko mbegu za wimbi. Kuku wa Apiyo walikuwa wamekula sehemu. Nikacheka, nikasema zikipata maji zitarudi.

Hazikurudi. Mara ya pili nilikaa na kijiko tangu asubuhi mpaka wanawake wanaenda kwaya. Supu iliganda kila mara, ukigeuza kisahani haianguki. Nikajua nimeharibu digrii yako kwa siku moja ya jua.

Ndipo nikaja Maseno. Nilikuja kukuambia. Zile hazikuwa njugu kwenye leso, zilikuwa punje. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, namwambia Byron, "Nikianza hivi itakuwa sawa?" Nilipofika mlangoni nikasikia ulichosema. Sikukasirika, Akello. Ningekasirika ingekuwa nafuu. Nilijitazama miguu, nikaona ni kweli, na nikaona mama wa samaki hawezi tena kusimama mbele ya wageni akasema ameharibu. Ungeaibika mara mbili kwa sababu yangu. Nikarudi nazo.

Chupa ya kahawia imekwisha. Kuanzia mara ya pili, kila chupa niliyokutumia nilitia matone kumi. Dakika nilizitunga, nikifuata ile ya kwanza. Mwanzoni sikujua kwamba zinatakiwa kuchoka. Ungeniambia mapema ningezichosha kidogo.

Hilo la mwisho ni mzaha. Mimi ni mzee wa kanisa, nimekaa miezi minne nikidanganya mtoto wangu kwa kalamu. Jumapili sikushiriki meza ya Bwana. Mchungaji ameuliza, nimesema goti.

Punje zimo kwenye leso, kwenye kasha. Ile leso ni yako, usirudishe.

Waya wako, ukitaka,
Perez


Maseno, 15 Julai 2024

Waya wangu,

Nataka. Hilo kwanza.

Natumaini goti limetulia na meza umeshiriki. Mimi nimekula, nimelala.

Nilikwenda kwa Dkt. Wangechi na barua yako mkononi. Sikumpa aisome, nilimsomea mwenyewe, pamoja na ile sehemu ya mlangoni. Akasema, "Ungekuja kwangu kabla ya semina ningekuelewa. Mei nimekupigia makofi mbele ya watu." Nimewaandikia wote waliokuwa Kisumu kwamba takwimu zile si za kweli na kosa ni langu, kwa maana nilikuwa nimeshashuku nilipozionyesha. Yule mzee wa miwani amejibu kwa mstari mmoja: "Asante kwa kusema." Nimeusoma mara nyingi, na kila mara uso unawaka. Desemba sitahitimu. Nimepewa mwaka mmoja kurudia.

Kosa la kuanika ni langu pia. Huku maabara punje tunazilaza ndani ya maji baridi, hilo halisemwi hata, kila mtu anajua. Nilikuandikia uzioshe, sikukuandikia zikae wapi. Nilikulia kwenye zile nyavu, na katika miaka sita ya chuo nilikuwa nimesahau mnavyofanya.

Nilizilowesha punje za leso siku tatu. Zimebaki na nguvu kidogo sana, si hata sehemu moja ya kumi. Punje ikikauka njia zake za ndani hufunga, na vimeng'enya vingi hujikunja vikafa humo. Nimeandika hivyo kwenye daftari, na tarehe uliyozianika. Sasa nitawaambia watu wanaoanika kila kitu kwamba hizi haziwezi jua, na nitaonyesha kiasi cha nguvu zinazopotea.

Byron analeta ndoo mpya. Zikae ndani ya maji, kwenye kasha, na barafu. Utaniandikia dakika zile utakazoziona, hata zikiwa mbaya. Hasa zikiwa mbaya.

Utetezi wa tasnifu yangu utakuwa mwakani, mwezi wa saba. Naomba uje, nakuomba kwa magoti yangu mawili mazima.

Akello


Usenge, 2 Novemba 2024

Akello nyathina,

Tumshukuru Mungu tumeamka. Omena imefunguliwa tangu Agosti, ufuo umerudisha kelele zake. Meza nimeshiriki. Nilimwambia mchungaji habari yote, naye akasema goti langu limepona ghafla.

Mara ya kwanza: saa moja na dakika arobaini. Ya pili: saa moja na dakika hamsini. Ya tatu: saa mbili na dakika tano. Ya sita tulikuwa saa tatu kasoro kidogo. Ya tisa ilipita saa nne na nusu, Apiyo akalala pale pale kwenye kiti. Ya kumi supu iliganda. Nilingoja mpaka zikapita saa saba nzima, nikachota kijiko kingine, ikaganda. Nimeandika "imeganda". Nilitaka sana kuandika kitu kingine, kalamu ilikaa hewani. Mara ishirini hatujafika. Tumefika tisa, na tisa hizo ni za kweli. Wanawake wote wametia sahihi, na Apiyo ameweka kidole gumba.

Kuhusu mwezi wa saba, nitakuja. Nitavaa sare ya kwaya, nimeipanua. Viatu ni vile vile, sina vingine vinavyokubali goti. Sitaingia moja kwa moja. Nitasimama pale mlangoni, mahali pale pale. Kama kuna mgeni, ataniona, na atauliza mimi ni nani. Sitajibu, Akello. Nitakusikiliza wewe.

Perez